Mbona Umeipindua?

Alikuja baada ya magharibi, miguu mitupu, mapindo ya suruali yamelowa. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yamepanda mpaka juu ya njia ya pwani, na watoto wa Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani Lamu, siku kama hizo hawapiti kwingine. Alisimama kizingitini mpaka nikamkaribisha mara ya pili. Nilimjua. Ni mjukuu wa nahodha mmoja aliyefariki mwaka jana, yuko gredi ya sita, mtoto wa maneno machache.

"Mwalimu, nimekuya kusikiliza saa ya babu."

Hakusema kuiona. Alisema kuisikiliza.

Nilifungua kabati, nikatoa sanduku la mvule ninamoweka saa zangu, nikaichukua ile ya tatu kutoka kushoto na kumkabidhi. Hata hakuitazama. Aliipeleka sikioni moja kwa moja, akafumba macho. Nilimwacha. Nje punda walikuwa wanarudishwa zizini, kwato zinagonga mawe ya kichochoro, naye akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Yalia kwa nguvu sana," akasema. "Kwa babu ililia kwa mbali."

Nikamweleza, kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi nzuri, kwamba mafuta ya ndani yalikuwa yameganda, kwamba niliifungua yote, nikaiosha, nikatia mafuta mapya, na sasa inapiga kama ilivyopiga siku ilipotoka dukani. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akafumbua macho, akautazama uso wa saa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa saa moja na robo. Akrabu ndogo ilikuwa imeipita kidogo namba 7.

"Mbona umeipindua?"

Sikumwelewa.

"Ya babu ikiwa saa moya, akrabu huwa kwenye moya."

Akanirudishia, akashukuru, akaenda zake.

Hiyo ni wiki ya sita sasa, na sijapitisha siku bila kulisikia swali lile.

## Saa ya baba

Kukusanya saa sikukuanza kwa kupenda saa. Baba alifanya kazi Jeddah miaka saba, akarudi na Seiko 5 ya chuma, mashine namba 7009, zile zenye siku kwa Kiarabu na Kiingereza katika kidirisha kimoja na kifungo kilichojificha penye namba 4. Saa hiyo haitiwi ufunguo kwa mkono. Ndani yake mna uzito wenye umbo la nusu mwezi unaozunguka kila mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaoikaza springi. Ikivuliwa ina akiba ya siku moja na nusu, zaidi kidogo.

Baba tulimzika Jumatano baada ya alasiri. Mama aliitundika saa yake kwenye msumari wa chumbani. Alfajiri ya Ijumaa niliikuta imesimama, na kidirisha bado kinasoma Alkhamisi.

Niliishika ili niifute vumbi tu. Akrabu ya sekunde ikaanza kutembea.

Nilikaa kitako pale pale sakafuni. Niko chumba cha marehemu, na kitu chake kimeanza kuhema kwa sababu ya mkono wangu. Tangu siku hiyo nilitaka kujua mle ndani mna nini.

Yaliyofuata ni ya kila mkusanyaji na sitayarefusha. Zilifika 11. Nina HMT Janata niliyoagiza India, kutoka kiwanda kilichoanza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Uso wake, nilipoutazama kwa kioo cha jichoni, niliona umepakwa upya kwa mkono, herufi zinacheza kama za mtoto wa chekechea. Muuzaji aliniapia ni uso wake wa asili. Niliumia sana wakati ule. Nilisema nimepunjwa, na neno hilo nilikuwa nalitamka mbele ya kila aliyenisikiliza.

Likumbukeni neno hilo. Litarudi.

## Nanga

Aliyenifunza ni fundi mmoja mzee aliyekuwa na kibanda cha kioo karibu na soko, hatua chache kutoka Ngomeni. Alianza na useremala, akahamia saa baada ya kuumia bega. Nilipomwambia kwamba seremala gani anaweza kushika vidude vidogo hivi, alinijibu kwamba baba wa saa za baharini alikuwa seremala. Nilikwenda kusoma, nikakuta kweli: John Harrison wa Uingereza, seremala kwa kazi, saa zake za kwanza kubwa zilikuwa na magurudumu ya mbao, na ile ndogo aliyoimaliza uzeeni ilipelekwa Jamaica kwa meli mwaka 1761, ikafika imekosa sekunde 5 tu kwa safari ya siku 81.

Siku ya kwanza fundi aliniwekea mezani saa kuukuu ya Uswisi, akaniambia soma. Chini ya jina palikuwa na maandishi madogo: Ancre 15 Rubis.

"Ni Kifaransa," nikasema.

"Ni nanga," akasema. "Ancre ni nanga. Fungua uione."

Nilipouondoa mfuniko na kuinama na kioo jichoni, nilikiona: kidude cha chuma kisichozidi punje ya ufuta, chenye mikono miwili iliyopinda, umbo la nanga kabisa, na kwenye ncha ya kila mkono kijiwe chekundu. Pembeni yake gurudumu la meno makali linataka kukimbia, maana springi inalisukuma mchana na usiku. Nanga inalishika jino moja, inaliachia, inalishika la upande wa pili. Juu yake gurudumu la mizani linakwenda na kurudi kwa springi nyembamba kuliko unywele, nalo ndilo linaloiamuru nanga lini iachie. Bila nanga springi yote ingefunguka kwa sekunde chache na saa ikanyamaza.

Saa nyingi za zamani hupiga mara 5 kwa sekunde. Hiyo ni mara 18,000 kwa saa, mara 432,000 kwa siku. Fundi alikuwa akiniambia nihesabu makosa: ikikosea pigo moja tu katika kila elfu, kwa siku umepoteza sekunde 86, yaani karibu dakika moja na nusu. Hakuna kazi ya binadamu ninayoijua inayodaiwa uaminifu wa namna hiyo kwa kitu kidogo namna hiyo.

Na mlio wa saa, huo tunaousikia, ni kijiwe cha nanga kinapogonga jino. Yule kijana alipoiweka saa ya babu sikioni, alikuwa anasikiliza nanga.

Vijiwe hivyo ni yakuti kweli, lakini si zile za kuwekwa kwenye pete. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti kwa moto, na tangu hapo yakuti ya saa haina bei ya kuitamkia. Huwekwa kwa sababu ni ngumu na laini, chuma hakiili. Nalisema hili kwa sababu nimeshaletewa saa na watu wanaotaka niwatolee yakuti 17 zilizoandikwa usoni wakaziuze.

## Chumvi

Amu si mahali pazuri pa kuzeekea saa. Upepo wa kusi unapiga miezi mitano sita, unachukua chumvi na kuiingiza kila palipo na upenyo. Kwanza huoza kijiti kinachobeba kifungo, kisha vibati vinavyobadilisha kutoka kutia ufunguo hadi kusogeza akrabu, kisha kutu inashuka chini taratibu mpaka kwenye springi. Fundi alikuwa akifungua saa na kuniambia hii ya mvuvi, hii ya karani, hii ya mwanamke anayefua kwa mikono, kabla hajamuuliza aliyeileta. Alisoma kutu kama daktari anavyousoma ulimi.

Saa ya nahodha haikuwa na kutu hata chembe.

Miaka yake yote ya kazi alikuwa baharini. Alibeba boriti kwenda Uarabuni, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, kisha akabeba mizigo ya pwani mpaka mgongo ukamkatalia. Na kijiti cha saa yake kilikuwa kinang'aa kama cha jana. Nilijiuliza swali hilo usiku ule nilipoifungua, nikashindwa kulijibu, nikaendelea na kazi. Mwenye jibu alikuwa hatua mia tatu kutoka kwangu, na sikwenda kumuuliza.

## Shilingi 3,000

Basi niseme jinsi ilivyonifikia.

Bi, mjane wake, aliniita mwenyewe. Mji mzima wajua Mwalimu ananunua saa. Nilimkuta ukumbini ameketi juu ya mkeka, saa iko mbele yake ndani ya mkebe wa halua. Alifungua mfuniko wa mkebe kwa taabu, akaifunua saa kutoka kwenye kitambaa, na kabla hajanipa mkononi nilishalisoma jina usoni kwa mbali.

Omega.

Uso ulikuwa wa rangi ya maziwa uliogeuka samli, sekunde zina kijiduara chake chini, hakuna alama ya kalamu ya mtu. Moyo ulinienda mbio. Uso wangu niliuzuia. Hilo la kuuzuia uso nalikumbuka kuliko yote, kwa sababu lilikuwa tendo, halikunitokea tu.

"Wataka ngapi, Bi?"

"Utakachonipa, mwanangu. Wewe ndiwe uyuwao."

Wewe ndiwe uyuwao. Wewe ndiye unayejua.

Nikamwambia 3,000. Akasema ahsante, akaniombea dua.

Nyumbani niliifungua. Mashine ilikuwa ya rangi ile ya shaba yenye wekundu ambayo Omega za miaka hiyo zinajulikana kwayo, ya ukoo wa milimita 30 waliouunda kuanzia 1939 hadi 1963, ambao mafundi wengi huuhesabu miongoni mwa mashine bora za kutia ufunguo zilizowahi kutengenezwa. Namba iliyochorwa juu yake ilianza na milioni 15, kwa hiyo ilitoka kiwandani katikati ya miaka ya 1950. Saa ya hali ile, kwa wanaouziana mtandaoni, hukuti chini ya shilingi 50,000.

Nilichukua daftari langu, nikaandika kila kitu: namba ya mashine, kipenyo, hali ya uso, bei niliyonunulia. Nikaandika na bei ya soko. Namba mbili hizo zilikaa bega kwa bega katika mstari mmoja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nilizitazama nikaona furaha.

Yule wa India aliyenipunja kwa uso wa kupakwa, alichonipunja kilikuwa maelfu mawili matatu tu. Naye hakujua mimi ni nani. Hakuwahi kula kwangu futari.

## Milango iliondoka hivi hivi

Mwenye kukaa Amu anajua jinsi vitu vilivyotoka. Milango ya kuchongwa, viti vya enzi vyenye mapambo ya pembe, sahani za Kichina zilizokuwa zimepangwa kwenye zidaka, baadaye nyumba zenyewe. Hakuna aliyevunja nyumba ya mtu usiku. Mtu alikuja mchana, akaketi, akanywa kahawa, akauliza bei, akaambiwa utakachonipa.

Mimi ni katika wale waliokuwa wakisema kwa uchungu juu ya jambo hilo. Darasani nimewaambia wanafunzi kwamba mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na bado ndani ya nyumba zake hamna kiti cha babu wa mtu. Nilipoanza kukusanya saa nilijiambia nafanya kinyume chake: saa za wazee zibaki Amu, kwa mtu wa Amu, zitiwe mafuta, zisife.

Na hoja hiyo bado naiona ina uzito. Saa tano kati ya zangu zingekuwa zimetupwa. Moja niliikuta mtoto anaivuta kwa uzi kama gari.

Lakini nilipoigeuza geuza wiki hizi sita, niliona kwamba nilikuwa nimeitumia hoja ya kweli kulipia bei ya uongo. Kuwa saa imebaki kisiwani hakumrudishii Bi shilingi hata moja. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha baraka hufutwa. Mimi sikusema uongo hata mmoja. Nilinyamaza. Nikajaribu usiku mmoja mzima kujithibitishia kwamba kunyamaza si kuficha.

Nikashindwa.

Kisha, kama kwamba hilo halitoshi, nilimweleza rafiki yangu mmoja barazani, ustadhi mwenye akili tulivu, naye akaniuliza kwa upole: "Mirathi ilikuwa imeshagawanywa?"

Sikuwa nimefikiria. Mke aliyeachiwa watoto ana thumuni, sehemu moja katika nane. Thumuni saba za saa ile zilikuwa za watu ambao sikuwahi kuongea nao.

## Kwa Bi

Nilikwenda Jumapili asubuhi, saa nne. Nilichukua saa, daftari, na bahasha yenye 10,000, ambazo ndizo nilizokuwa nazo mwezi huo. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilimwambia bei ya kweli, nikamwonyesha mstari wa daftari ingawa hasomi herufi hizo, nikamwambia nilijua tangu nilipoiona. Nikaweka bahasha juu ya mkeka nikasema nyingine nitaleta kila mwezi.

Hakuigusa.

"Umekuya kunipa pesa," akasema, "au umekuya kuutua mzigo wako?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo naandika hapa nikilitafuta.

Akaendelea kuchambua mchele wake. Baada ya muda mrefu akasema zile 3,000 zilinunua dawa na nauli ya kwenda Mombasa kuangaliwa macho, kwamba zilifanya kazi, kwamba hana hasira na shilingi. Kilichomuudhi ni kingine.

"Uliniuliza bei. Hukuniuliza ni saa ya nini."

Nikamuuliza, mwaka mmoja baada ya wakati wake.

## Zamu

Haikuwa ya kujulia wakati, alisema. Nahodha wakati alikuwa nao: jua, nyota, mwezi, maji kujaa na kupwa. Ni kweli. Mtu aliyekulia baharini hana haja ya kuambiwa na Uswisi kwamba maji ya kesho yatajaa kiasi cha dakika 50 baada ya ya leo. Anajua kabla hajavaa viatu.

Saa ilikuwa ya zamu.

Usiku jahazi likiwa njiani, mabaharia hupokezana sukani na macho ya mbele. Mwenye zamu anaona imekuwa ndefu, anayelala anaona amelala kidogo, na safari ya majuma mawili ikifika katikati watu wanaanza kununiana. Nahodha alipokuwa kijana, mwenyewe ni baharia wa kawaida, aliwahi kuamshwa kila usiku kabla ya wakati na mtu mzima zaidi yake, na hakuwa na njia ya kuthibitisha. Alipopata jahazi alinunua saa. Alinunua nzuri kwa sababu, alimwambia mkewe, saa mbovu ni sawa na nahodha mwongo.

Ilikaa ndani ya mkebe wa halua uliozibwa kwa nta, umefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Ilitoka usiku tu. Ukaguzi wa zamu ukiisha inarudi ndani. Ndiyo maana kijiti kilikuwa kinang'aa.

Na aliiweka kwa jua. Magharibi, jua linapotua, akrabu zote mbili juu, kwenye 12. Zamu ya kwanza inaisha akrabu ikifika 4, na hakuna baharia aliyehitaji kupindua kitu kichwani gizani, awe amekwenda chuoni au hakwenda. Alipostaafu aliendelea hivyo hivyo. Mjukuu alijifunza kusoma saa juu ya paja lake, kwa saa hiyo. Alipofika shule na mwalimu akamfunza kwamba akrabu ikiwa kwenye 7 ni saa moja, alilia.

Mimi niliipokea imesimama, nikaitia ufunguo, nikaifananisha na simu yangu. Sekunde mbili. Sikujua hata kama nilikuwa nafuta kitu.

Bi aliomba nimpe saa. Masikio yake hayasikii vizuri, na nilidhani atakatika tamaa. Aliigeuza, akaubana mfuniko wa nyuma kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akakaza. Nilikuwa nimesoma kwamba mfupa hubeba sauti. Sijawahi kuona mtu akijua hivyo bila kusoma. Alikaa hivyo muda ambao mchele wote ungekuwa umechambuliwa.

"Ni yeye," akasema. Kisha: "Irudishe ilivyokuwa."

Nilivuta kifungo, nikazungusha akrabu saa sita nzima mbele yake. Ilikuwa saa tano kasorobo. Akrabu ndogo ikakaribia 5.

## Ilivyo sasa

Pesa hakuzichukua. Alisema hawezi kupokea thumuni saba zisizo zake, nami niliona haya kwamba jambo hilo alilijua bila kuambiwa na ustadhi wa baraza. Mwanawe mkubwa yuko Mombasa, atarudi Maulidi. Wa pili, baba wa yule kijana, hataki saa iuzwe kwa bei yoyote. Binti yao bado hajasema lolote. Wakiketi pamoja wataniita, na watakalosema nitalifuata, la pesa au la kurudisha. Ikiwa ni pesa, nitauza mbili katika saa zangu, Roamer na Citizen. Ikiwa ni kurudisha, kazi niliyoifanya sitaidai.

Mpaka hapo saa iko kwangu, kwa amri yake, kwa sababu nyumba yake ina jiko la mkaa na wajukuu wanane. Alitumia neno amana. Nimeifuta katika daftari langu. Zimebaki 10, na hiyo nimeipa ukurasa wake peke yake, ambao juu yake nimeandika jina la nahodha na jahazi lake na bandari alizozitaja Bi, na bei sikuiandika.

Kurasa nyingine pia nimezisoma upya. Ziko saa tatu ambazo nina namba ya mashine, kipenyo na hali ya uso, na sina jina la aliyeivaa. Moja niliinunua Matondoni, kwa fundi wa majahazi. Nimeanza na hiyo. Nilikwenda wiki iliyopita, nikamkuta, tukaongea tangu dhuhuri mpaka alasiri, na bei tukaizungumza upya.

Shuleni nimewauliza wanafunzi wangapi nyumbani kwao iko saa iliyowekwa kwa jua. Mikono minne iliinuka. Nilidhani haitainuka hata mmoja.

Na yule kijana anakuja. Kila jioni, baada ya magharibi, kwa sharti la bibi yake: saa ya babu itiwe ufunguo na mtu wa babu. Nilimfundisha asiitoe sandukuni kwa pupa, akae, anawe mikono, aishike kwa vidole vitatu. Azungushe kifungo taratibu mbele na nyuma, na atakaposikia springi inakataa asiibishe. Siku ya kwanza aliishia mizunguko 20 kwa woga. Sasa anafika 28, anasimama mwenyewe, anaipeleka sikioni, anafumba macho. Halafu anasoma kwa sauti: saa moya na dakika kumi.

Juzi baada ya kusoma hakunirudishia.

"Mwalimu, nanga iko wapi?"

Nilimweleza kwamba haionekani mpaka mfuniko wa nyuma utoke, na mfuniko hautoki mpaka meza iwe safi, feni izimwe, na mtu awe na subira. Aliinuka akazima feni mwenyewe. Nilitandika kitambaa cheupe, nikaweka bisbisi ndogo na kisu cha mfuniko, nikamwekea kioo jichoni na kumwonyesha jinsi ya kukibana kwa nyusi. Mfuniko ukatoka na mlio wake mdogo, na ile rangi ya shaba ikawaka chini ya taa.

Aliinama. Nikamwambia atafute kwanza gurudumu linalokwenda na kurudi, kisha ashuke chini yake, upande wa kushoto, atazame palipo pekundu.

Alitafuta muda mrefu, kidole chake cha shahada kimesimama hewani bila kugusa kitu, kisha kikaanza kutikisika taratibu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kikijaribu kuifuata.